Saa ya Kule na koti la Ambroise

Ukitaka fundi Ambroise akuambie kama saa yako ni ya kweli, lazima kwanza uingize kichwa ndani ya koti lake. Usicheke. Saa anazozijua ni zile za wakati wa Zaïre, zenye kioo cheusi kilicholala mpaka ubonyeze kitufe, ndipo namba nyekundu zinawaka kidogo na kuzimika. Jua la Bunia linazimeza namba hizo. Kwa hiyo Ambroise ana koti zito jeusi ambalo hajawahi kulivaa. Hulitundika kwenye msumari nyuma ya meza yake, pale mtaa wa Mbunya, na mteja akija wanajifunika wote wawili na kubonyeza. Mchungaji aliwahi kuingia. Mke wa mchungaji alikataa.

Mimi naitwa Emerance, nauza unités za simu, yaani salio, meza ya pili, na miaka hii yote nimeona migongo mingi ya watu waliozama kotini.

Akitoka humo Ambroise husema moja kati ya mawili: "Iko yenyewe," au "Haiko yenyewe." Basi. Haelezi. Ukibishana anakurudishia saa yako na kuanza kusugua skrubu za mtu mwingine. Vijana wanaonunua saa hizo kwa kuona picha kwenye simu wamelia mbele yake, naye hakutikisika. Alikuwa akisema kwamba tangu aanze kazi hajakosea, na alilisema hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwezi wa saba alikuja Mama Adeline, mjane wa mtu aliyeitwa Kule, pamoja na shemeji yake Olivier, aliyetoka Butembo kwa ajili ya kumaliza matanga ya kaka yake. Jumamosi ukoo ulikuwa ukutane, vitu vya marehemu vipangwe juu ya mkeka na kugawanywa mbele ya wote. Adeline aliomba kitu kimoja tu, saa ya mumewe, ambayo Kule aliachiwa na baba yake. Lakini Olivier alikuwa ameibonyeza saa tatu ya usiku, nayo badala ya tisa ikamwonyesha tano, kana kwamba ni saa kumi na moja ya jioni.

"Baba yetu hakuvaa saa ya bongo," Olivier alisema, yaani saa ya bandia. "Ile ya kweli shemeki aliiuzisha, akaweka hii. Papa Ambroise, angalia, useme mbele yake."

"Angalia, papa," Adeline akajibu. "Kila usiku ni miye nilikuwa naitosha ku mukono ya bwana yangu akilala. Naijua."

Waliingia kotini watatu, na Olivier ni mtu mwenye mwili, kwa hiyo nilisikia mshono ukilia. Kisha Ambroise akatoka, akafungua kifuniko cha nyuma, akatia lupe, kile kioo chake cha kukuza, jichoni. Namba za ndani zilikuwa za mashine ndogo ya hesabu, si zile nyembamba za saa za wakati ule, na waya zake zilichomelewa kwa mkono.

"Haiko yenyewe."

Olivier alipiga makofi mara moja, kama mtu anayefunga mkutano. Alimwambia shemeji yake kwamba kabla ya Jumamosi aseme ya kweli iko wapi, la sivyo ukoo wote utajua amemwibia marehemu. Adeline hakupiga kelele. Aliisukuma saa mezani, upande wa Ambroise.

"Kama haiko yake, basi haiko yangu. Baki nayo."

Akaenda zake. Nilitamani kumpiga Ambroise na mwavuli wangu, ila nilikuwa na wateja.

Yeye wala hakuona hasira yangu. Alikuwa amependa. Aligeuza ile saa huku na huku na kuniita. "Emerance, kuja uone! Mutu alifanya hii kazi iko na mukono! Namna alichomelea hapa, hata miye singeweza." Alimsifu huyo mdanganyifu karibu saa nzima. Mwisho akachovya mswaki kwenye petroli ili asafishe kifuniko kwa ndani, maana kila fundi huchonga alama yake mle kwa sindano, na alitaka kumjua bingwa huyo. Uchafu ukatoka. Chini yake kulikuwa na herufi A, mguu wake umepinda kama ndoana, na mwaka: 04.

A hiyo imeandikwa kwa rangi kwenye kibao cha meza ya Ambroise mwenyewe.

Nilicheka mpaka mteja akaondoka. Kisha nikauona uso wake, nikaacha.

Ndipo akakumbuka: mwaka ule barabara zilikuwa mbaya na hakuna kipande cha saa kilichofika Bunia. Kule alileta saa yake imekufa, na Ambroise akampachikia namba za mashine ya hesabu iliyovunjika, akimwahidi kurudisha zake siku moja. Siku hiyo haikufika. Mwenyewe akasahau.

"Sasa nenda umwambie Adeline," nikasema.

"Batu batasema Ambroise anakosea."

"Na Adeline, banasema iko mwizi! Jina yako njo kubwa kuliko yake?"

Aliinama akaanza kufungua makopo yake ya maziwa, maana Ambroise hatupi kitu, na katika la tatu alizikuta namba za zamani zimefungwa kwenye karatasi iliyoandikwa "Kule". Ugonjwa wake ulikuwa waya mmoja tu, mwembamba, ambao zamani hakuwa na kifaa cha kuufikia. Siku mbili hakupokea kazi nyingine.

Jumamosi alilitoa koti kwenye msumari akalivaa. Lilimkaa vibaya. Alisimama katikati ya ukoo wa watu.

"Muniskilize. Nilisema ile saa haiko yenyewe. Iko yenyewe. Bongo yote iliyokuwa ndani, ni miye niliiweka, nikasahau. Mama Adeline hakuuzisha kitu. Miye njo nilikosea."

Alifungua kifuniko, na Olivier akaitazama ile alama ya A. Kisha akaichukua saa na kumpa shemeji yake kwa mikono miwili. "Shemeki, pardon," alisema, na macho yake yalikuwa na maji. Adeline alibonyeza. Namba zikawaka, nyembamba, saa kamili bila kosa, na watu wote wakashangilia isipokuwa yeye.

Jumatatu Adeline alikuwa mbele ya meza zetu.

"Papa Ambroise, hii ni saa ya nani?"

"Ya bwana yako, mama. Sasa iko yenyewe kabisa."

"Ile ya bwana yangu ilikuwa inadanganya."

Ndipo akatueleza. Zile namba za mashine ya hesabu zilikuwa na kijiti kimoja cha mwanga kilichokufa, cha juu upande wa kulia, kwenye namba ya masaa. Nane ikawa inaonekana sita, na tisa inaonekana tano. Kule akirudi nyumbani saa mbili ya usiku, alibonyeza mlangoni na kumwonyesha mkewe: sita, jua ndiyo kwanza linazama. Akirudi saa tatu, tano. Kadiri alivyochelewa ndivyo alivyowahi.

"Nilijua," Adeline alisema. "Na yeye alijua kama najua. Unirudishie muongo wangu."

Mngemwona Ambroise! Hatimaye ametengeneza saa ikawa ya kweli nje na ndani, na anaombwa aiharibu. Alinung'unika nusu siku, lakini aliiharibu vizuri. Kisha akazipeleka namba zake mpaka saa tatu ya usiku, akamfunika Adeline koti, peke yake.

Tulisikia kitufe. Halafu sauti yake kali, kama ya mke aliyesimama mlangoni: "Saa kumi na moja? Basi chakula haijaiva. Ikala chini, ungoje."

Akabonyeza tena. Na tena. Ambroise, ambaye hugombeza watu kwamba wanamaliza pile, yaani betri ya saa, alimwacha abonyeze.

Adeline alipotoka alijifuta uso kwa kitenge.

"Papa, iko yenyewe?"

Ambroise hakuchukua lupe.

"Iko yenyewe."