Numbi na Kesi ya Mvua

Makaa yaliyolowa yana harufu yake, ya jivu na majani yaliyooza, na msimu ule nguo zangu zote zilinuka hivyo. Wazazi wetu walikuwa wamekufa. Mimi mkubwa nikaacha shule niuze makaa sokoni Kamina, nasi tukakaa uani kwa baba mdogo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mdogo wangu Numbi, badala ya kunisaidia, alishinda akitazama mawingu upande wa Kabongo. Alikinga mvua kwa kopo la maziwa na kuipima kwa rula, kopo lile lile nililopimia makaa! Nilimgombeza hadi sauti ikakauka. Lakini kila aliposema, "Yaya, funika makala," yaani mkubwa wangu, funika makaa, nami nikapuuza, mvua ilinyesha na hasara ikawa yangu.

Siku moja alimwonya jirani yetu, Mama Kalenga, asiezeke kibanda chake kabla ya upepo kupita. Mama akacheka, akaezeka. Jioni mabati yakaruka. Kesho yake alimjia baba mdogo akiwa na nusu ya mtaa nyuma yake. "Mutoto mwenye kujua mvua, njo yeye anaiita. Iko mulozi!" Yatima akishaitwa mchawi hufukuzwa, nimewaona wanaolala stesheni. Baba mdogo alishaanza kutikisa kichwa kukubali. Niliogopa, ila upuuzi ule ulinichosha kuliko hofu. Nikabwaga mbele yao gunia lililokuwa likichuruzika maji. "Kama iko mulozi, juu ya nini anashindwa kukausha makala yangu?" Mmoja akacheka, wengine wakafuata, kesi ikafa.

Hata hivyo baba mdogo alitaka Numbi asomee ushonaji. Nikakataa, nikaongeza magunia ya kuuza ili nimlipie karo. Alisoma hesabu na fizikia, na leo yuko chuo kikuu Lubumbashi, anasomea tabianchi.

Juzi Mama Kalenga alikuja na kuku. "Harusi ya binti yangu ni Jumamosi. Umwambie Numbi aifunge mvua kidogo."

"Mama, yeye anachunguza mvua za miaka mingi, si ya Jumamosi moja."

"Basi afunge miaka yote. Jumamosi iko ndani."

Zamani walitaka kumfukuza kwa kuileta mvua. Sasa wanamhonga aizuie. Kumweleza nilishindwa. Nikamrudishia kuku wake, nikamwazima turubai ninalofunikia makaa.