Mama Pasi na Jina Alilolitoa Mjakazi

Saa kumi na mbili asubuhi maduka ya mtaa bado yamefungwa, lakini katika chumba cha nyuma cha duka la dobi mvuke umeshapanda hadi darini. Mwanamke mwenye mabega mapana, kilemba kimekaza kichwani, anatandaza shati jeupe mezani, analinyunyizia maji, kisha anashusha pasi kwenye kola.

“Ukianza na kifua, kola itakuharibia kazi yote,” anasema bila kuinua macho.

Hapa kila mtu anamwita Mama Pasi. Mwenzake anayefua, mwanamume mcheshi aliyebandikwa jina la Povu, anadai hata yeye jina halisi limeshamtoka.

“Siku akistaafu, sijui kadi ya kumuaga tutamwandikia nani,” anatania.

Leo Mama Pasi anapiga pasi haraka kuliko kawaida yake. Keshokutwa anasafiri, na hataki kumwachia mtu rundo. Anakwenda kwa binti yake wa pekee, ambaye hajakutana naye ana kwa ana tangu alipoondoka nyumbani kutafuta kazi.

Ukimuuliza kuhusu safari hiyo, hakuanzii na binti. Anakuanzia na jina la Mungu.

Akiwa msichana, Mama Pasi alikuwa mfanyakazi wa ndani. Alilea watoto wa watu, akapika, akafua. Mdogo wa tajiri yake akampa mimba, kisha akaikana. Mama mwenye nyumba alipogundua, alimtolea nguo zake nje ya geti.

“Nilikaa kituo cha mabasi kutwa nzima na mfuko wangu,” anakumbuka. “Nauli sina, na hata ningekuwa nayo, ningekwenda wapi na tumbo lile?”

Jioni mama mmoja muuza chai alimsogelea. “Binti, nakuona tangu asubuhi hujanyanyuka hapo. Umekula?”

“Nililia kama mtoto,” anasema Mama Pasi. “Njaa nilikuwa nayo, ndiyo. Lakini kilichoniliza ni lile neno, kwamba mtu ameniona.”

Muuza chai alimhifadhi hadi akajifungua. Miaka ikapita. Mtoto akiwa shuleni, Mama Pasi akaanza kuhudhuria darasa la Biblia kanisani kwake, na siku moja ikafika zamu ya kisa cha Hajiri, mjakazi wa Sarai, aliyetolewa kwa mume wa bibi yake, akashika mimba, akateswa, akakimbilia jangwani. Penye chemchemi, malaika alimwita kwa jina lake, akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Mjakazi yule akampa Mungu jina: El-Roi. Mungu anionaye.

“Katika Maandiko yale hakuna aliyemtangulia kumpa Mungu jina,” anaeleza mwalimu wa darasa hilo, mzee mpole aliyejifunza Kiebrania kwa miaka mingi. “Na huyu alikuwa mtumwa, mgeni, tena mjamzito.”

Mama Pasi hakulala usingizi mzuri siku hiyo. “Nilihisi kama nimesomewa habari zangu mbele za watu.”

Jina hilo akamfundisha na binti yake. Walipoagana, binti akienda kufanya kazi za ndani katika jiji la mbali kama mama yake zamani, lilikuwa ndilo neno la mwisho kumwambia.

Mwanzoni walikuwa wakipigiana simu za video. Kisha picha ikakoma. “Kamera imeharibika, Mama,” binti alisema. Mwezi ukaisha, ukafuata mwingine, akabaki kuwa sauti tu. Mama mtu alikuwa akiishika simu mbele ya uso wake hivyo hivyo, akizungumza na kioo cheusi.

Hata kazini hakupumzika. “Blauzi ya msichana ikifika mezani, naipima kwa macho. Najiuliza, ingemtosha huyu wangu? Amenenepa? Amekonda?”

Mwishowe alimwendea mwalimu akiwa amefura.

“Mwalimu, Mungu anamwona, sawa, nashukuru. Lakini mimi niliyemzaa simwoni. Hilo jina linanisaidia nini?”

Mwalimu hakumhubiria. Alimweleza kwamba neno lile la Kiebrania huwasumbua wafasiri: laweza kuwa “Mungu anionaye”, laweza pia kuwa “Mungu wa kuona”. Na maneno ya Hajiri yanayofuata, alisema, ni kama ya mtu anayeshangaa kwamba yeye naye amemwona anayemwona.

“Kuona kulikwenda pande zote mbili, mama,” mwalimu alimwambia. “Ila kulitanguliwa na kusikia. Mtoto aliambiwa amwite Ishmaeli, yaani Mungu husikia.”

“Basi mimi nimekwama kwenye kusikia,” alimjibu, akaondoka.

Lakini tangu siku hiyo alianza kusikiliza. Jumapili moja, nyuma ya sauti ya binti yake, alisikia kichanga kikilia.

“Nani huyo?”

“Mtoto wa jirani, Mama.”

“Jirani gani huyo, mtoto wake analilia mdomoni mwa simu?”

Kikafuata kilio, cha binti safari hii. Alikuwa amejifungua. Waajiri walimfukuza mimba ilipoonekana, na sasa amejibanza chumba kimoja na wanawake wenzake wanaofua nguo za watu. Kamera ilikuwa nzima siku zote. “Nilijua ukiniona uso tu, utajua,” alisema.

Halafu akauliza swali lililomchoma mama yake: “Malaika si alimwambia Hajiri arudi kwa bibi yake, anyenyekee? Na wewe utaniambia nirudi nikawaombe radhi?”

Mama Pasi anasimamisha pasi. “Mstari huo hunikaba kooni mpaka leo. Nilimuuliza mwalimu, akakiri kwamba na yeye humkaba.”

Mama Pasi alimjibu binti yake hivi: “Nani kakwambia urudi kokote? Kaa hapo hapo. Nakuja.”

Alimsihi afungue kamera. Binti akakataa. “Si leo, Mama. Njoo unione mwenyewe.”

Mpango ni kurudi nao wote wawili. Tajiri wa duka ameahidi kumpa binti kazi ya kupokea nguo, mtoto akiwa karibu. Povu amegeuza tenga la nguo kuwa kitanda, na amelisugua kwelikweli. “Huyo mjukuu atanukia sabuni hadi aoe,” anasema.

Mama Pasi anacheka kidogo, kisha anatulia, mkono juu ya shati ambalo bado lina joto.

“Sina swali la kumuuliza nikifika,” anasema. “Nitasimama mlangoni nimtazame. Nitamtazama mpaka aone haya, mpaka aniambie mwenyewe, ‘Mama, basi, ingia ndani.’”