Shairi Lililonirudisha Shule

Wenzangu mliokulia Mji wa Kale, mwakumbuka watu walivyokuwa wakigombana? Siku hizi kijana akikasirika anakutumia kikatuni cha uso mwekundu kwenye simu, kisha anakufungia usimpate tena. Enzi zetu mtu alikutungia shairi, nawe sharti ujibu kwa vina vile vile, mizani nane kwa nane. Ukishindwa kujibu, umekubali. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na marehemu baba yangu akiipenda kuliko wali wa nazi.

Basi nilipofika darasa la sita, baba akaamua nikae ndani. "Msichana akishajua kusoma barua, yatosha," akasema, na sare zangu zikafungiwa kabatini. Nililia hadi macho yakavimba. Mama, ambaye kazi yake ilikuwa kushona kofia na majoho, hakumbishia hata neno. Nilimkasirikia sana.

Jioni ile baba alikuwa barazani na rafiki zake, wanakunywa kahawa chungu, harufu ya viazi karai yatujia kutoka kichochoro cha pili. Mara sauti ya mama ikasikika nyuma ya pazia, anaghani taratibu huku akishona:

*Sindano japo nyembamba, hupita kwenye gunia,*
*Joho lako la kutamba, nalo imelipitia.*

"Lahaula!" akapaaza sauti Ami Sudi, rafiki mkubwa wa baba. "Umepigwa hilo, bwana, kwa ajili ya binti yako. Jibu!"

Baba akacheka, akasema jibu ni kesho. Kesho ikafika, jibu halikufika. Yeye aliyesifiwa utunzi hadi mtaa wa Makadara akawa anazunguka ukumbini akihesabu mizani kwa vidole, kofia upande, chai yapoa. Akipata kina, maana yamkimbia. Ataitukanaje sindano, na hata kanzu aliyovaa ilishonwa na mama? Ami Sudi naye hakuwa na huruma. Kila jioni, salamu hazijaisha, "Vipi, limeiva?" Sisi watoto twafa kwa kicheko mlangoni.

Siku ya nne baba alifungua kabati mwenyewe, akanipa sare zangu. "Nenda shule," akasema. "Mama yako ana ulimi, wallahi." Alijitia kununa, lakini nilimwona akitabasamu.

Leo nafundisha ushairi katika shule ya Tononoka. Wanafunzi huniuliza, mwalimu, mizani za nini, si mtu aseme tu analotaka? Nawaambia mama yangu angesema tu, angenyamazishwa palepale. Watoto hawa huandika mchana kutwa kwa vidole gumba, Mungu awabariki, ila sijaona neno lao lililomkosesha mtu raha siku nne. Natamani sana wangeisikia sauti ile nyuma ya pazia.

Wiki ile niliporudi darasani, nililinakili shairi lile kwa hati yangu nzuri kabisa, nikampelekea mama. Akaishika karatasi, akaigeuza huku na huku.

"Mwanangu," akauliza, "maneno yangu ni yapi hapa?"

Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya herufi ya kwanza.