Mkoba wa Harlan na Buti za Shemeji

Harlan Stidham aliendesha basi la shule kwenye milima ya Kentucky mpaka alipostaafu, na muda wote huo hakuwahi kushika sindano. Kifungo kikikatika, alimpelekea mkewe Oleta shati, akasimama kando kwa adabu kama mgonjwa mbele ya daktari. Kwa hiyo Oleta alipomkuta mezani jikoni ameshika maharazi, msumari wa fundi viatu, anatoboa ngozi huku ulimi umemtoka pembeni, alimtazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa.

Chanzo kilikuwa gobori. Baada ya kustaafu alijinunulia bunduki ya gumegume, ndefu karibu sawa na yeye mwenyewe, akajiunga na watu wanaokutana kando ya mto kila majani yanapopukutika. Huvaa kama wawindaji wa zamani waliovuka milima hiyo kwa miguu, hulala kwenye mahema, hushindana kulenga shabaha. Kambini hakiingii kitu ambacho wawindaji wale wasingekitambua. Na njiani huketi Virgil Napier, fundi bomba mwenye ndevu za kufika kifuani, kumkagua kila anayeingia.

Siku ya kwanza Harlan alifika na mkoba wa risasi alioununua dukani, mpya, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Hiki nini?" Virgil aliuliza. Akaufungua, na ndani mkakutwa zipu.

"Mkoba wa risasi."

"Wa risasi au wa posta? Humu anaenea mbuzi na mtoto wake."

"Nilitaka nafasi, ndugu yangu."

"Nafasi ya nini? Wazee walibeba gololi zao za risasi, vitambaa vya kuzifungia, jiwe la gumegume la akiba na kipande cha nyama kavu, basi. Wewe unahama?"

Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni waliangua kicheko. Mkoba ukarudishwa garini, na Harlan akashindana gololi zikiwa ndani ya soksi aliyoifunga kiunoni. Kila alipotaka kushindilia risasi ilimbidi afungue fundo kwa meno. Mpaka jua linazama, kambi nzima ilikuwa inamwita Soksi.

Alirudi nyumbani amevimba.

"Nitashona mkoba wangu mwenyewe," alimwambia Oleta.

"Kwa mikono ipi?"

"Hii hii."

"Hii hii ninayoijua mimi?" Oleta alisema, akaendelea kumenya viazi.

Virgil, kwa kumwonea huruma, alikuwa amemdokeza jambo moja. Watu wa zamani hawakununua ngozi mpya kwa ajili ya mkoba. Walikata tandiko lililochakaa, au buti kuukuu, ngozi iliyokwisha kulainika kwa kazi. Harlan hakuwa na tandiko. Lakini stoo, nyuma ya friza, zilisimama buti ndefu za kufika magotini, za Lonzo Tackett, kaka yake Oleta. Lonzo aliziacha pale ujanani alipokwenda Michigan kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari, na hakuna aliyemsikia akiziulizia tena. Harlan alizibonyeza. Laini kama sikio la mbwa. Hakumuuliza mtu. Alichukua kisu, akazikata, na soli akazifukia nyuma ya banda la kuku.

Kipupwe chote alishona. Uzi wa kitani ulipakwa nta ya nyuki, sindano zikawa mbili, moja huku na moja huku, zikipishana kwenye tundu lile lile. Alijichoma vidole mpaka akaacha kushtuka. Oleta, aliyekuwa fundi wa mablanketi ya viraka, alikataa kugusa kitu, ila kila akipita alitupa neno.

"Vuta zote mbili sawasawa, baba. Unashona au unagombana?"

Mkoba ulishonwa nje ikiwa ndani, kwa hiyo ulipokwisha ilibidi upinduliwe. Harlan aliulowesha maji ya uvuguvugu, akautia mikono, akavuta. Ukakataa. Akaubana kwa magoti, akaanguka nao kwenye zulia, akagaagaa nao mpaka chini ya meza.

"Nani anashinda?" Oleta aliuliza kutoka sebuleni.

"Usiniongeleshe!"

Ulipokubali kupinduka, ulitoka mdogo, upana wa viganja viwili, na kifuniko kilichoanguka vizuri mbele. Akauchemshia rangi ya maganda ya mjozi, tena ndani ya sufuria ambayo Oleta hupikia jamu. Hilo lilimgharimu siku kadhaa za kula mkate mkavu. Rangi ikaushika mkoba, ikaishika na mikono yake hadi viwikoni. Jumapili mchungaji alipompa mkono mlangoni mwa kanisa aliuangalia kwanza, akaamua kumpigapiga begani.

Pasaka ilipofika, Lonzo alirudi. Naye alikuwa amestaafu, mkewe alikuwa amefariki, na Michigan hakukuwa tena na cha kumweka. Walikuwa wanakula paja la nguruwe la kuokwa aliposema, "Dada, zile buti zangu ndefu bado zipo? Nafikiria kununua farasi."

Harlan aliweka uma mezani. Oleta aliutazama mkoba uliokuwa umening'inia ukutani, akamtazama mumewe, akautazama mkoba tena. Ndipo alipoelewa.

"Muulize shemeji yako," alisema taratibu. "Yeye ndiye mwenye stoo."

"Zipo," Harlan alisema. "Yaani... hazijatoka nyumbani."

"Nitazitafuta baadaye." Lonzo aligeuka akaona mkoba. "Kazi safi hiyo! Ngozi kama hiyo umeipata wapi?"

"Ya ukoo," Harlan alijibu, akanywa maji glasi nzima.

Majira yote ya joto alimkwepa shemeji yake. Lonzo akienda stoo, Harlan alikumbuka ua linahitaji kurekebishwa, au kuna samaki mtoni. Lakini majani yalipoanza kuwa mekundu Lonzo aling'ang'ania kufuatana naye kambini. "Nikae na nani hapa? Kuku?" alisema, akatangulia kuketi garini.

Virgil aliupokea mkoba kwa mikono miwili. Aliunusa. Akapitisha ukucha kwenye mshono, akavuta mkanda, akaguna kwa namna iliyomfanya Harlan asimame wima. Halafu akafunua kifuniko. Upande wa ndani palikuwa na herufi mbili zilizochomwa kwa chuma cha moto. Harlan alikuwa ameziona tangu mwanzo, akaziacha kwa kuwa zilipendeza na zilionekana za kale.

"L.T.," Virgil alisoma. "Huyu nani?"

Lonzo aliinama. Akavaa miwani. Akavua miwani.

"L.T. ni mimi," alisema.

Foleni nzima ilisogea kuona.

"Shemeji," Lonzo alisema, "huu ni mguu upi?"

Harlan alionyesha kwa kidole. "Wa kulia ni mbele. Wa kushoto ni nyuma."

"Na soli?"

"Nilizizika."

"Alizizika!" Lonzo aliwaambia watu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashikilia mti. Virgil alingoja amalize.

"Kwa hiyo," alisema, "umekata buti za shemeji yako akiwa mbali, bila ruhusa, kwa sababu ulihitaji ngozi. Nimekagua hapa muda mrefu, sijaona mtu aliyeishi kama watu wa zamani kuliko wewe. Pita."

Lakini Lonzo aliunyakua mkoba, akauvaa yeye. "Buti zangu, mkoba wangu. Ukitaka gololi, omba."

Ikawa hivyo hivyo. Harlan alimimina baruti kutoka kwenye pembe, akanyoosha mkono. Lonzo akamwekea kitambaa na gololi. Harlan akashindilia kwa mdeki, ule ufito wa bunduki, akalenga, akafyatua. Alipokosa, Lonzo alisema ni kosa la mguu wa kushoto. Hawakushinda chochote, ila walipiga kelele kuliko washindi.

Jioni, wakila maharage na mkate wa mahindi, Lonzo aliupapasa mkoba pajani mwake. "Farasi simtaki tena, unajua," alisema. "Nilikuwa natafuta tu pa kwenda asubuhi."

Harlan alimsogezea sufuria. "Wiki ijayo tunaanza mkoba wa pili. Utashika sindano."

"Kwa ngozi ipi?"

"Tutaona."

Wiki iliyofuata Oleta aliwachungulia wote wawili wameingia stoo, wananong'ona na kubonyezabonyeza vitu. Alikwenda chumbani, akafunga kabati la viatu vyake, akautia ufunguo kifuani.