Vibahasha vya Masuku

Shemeji yangu alirudi kutoka Tunduru siku chache kabla ya Krismasi. Mvua ilikuwa inanyesha. Hakupitia mlango wa mbele kama mtoto wa nyumba. Alizunguka nyuma ya ua, akasukuma mlango wa jiko, akanikuta nimeinama nakamua jibini kwenye kitambaa.

"Shemeji, usipige kelele," alisema. "Ni mimi."

Sikuwa na wazo la kupiga kelele mpaka aliposema hivyo.

Alikuwa amekonda. Begani alibeba mfuko wa unga wa ngano aliokuwa ameufunika kwa nailoni, na miguu yake ilikuwa na matope mekundu hadi magotini. Nilimpa kigoda akakaa, kisha akakisogeza mpaka mgongo wake ukagusa ukuta na macho yake yakauona mlango. Nilimuuliza habari za safari. Akasema nzuri. Nikamuuliza amekuja na gari gani, akasema, "Magari yapo mengi siku hizi."

Alikuwa mdogo pekee wa mume wangu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Songea, ambayo utotoni mwetu yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, sasa yalijaa siagi ya kopo, sabuni za kunukia na mitumba ya kila rangi. Wakati huohuo ushirika ambako mume wangu aliendesha lori ulikuwa unapunguza watu, na yeye alipunguzwa. Akawa anashinda barazani akitengeneza redio ambazo hazikuwa mbovu. Tunduru nako mawe ya thamani yalikuwa yamepatikana, na vijana walikwenda kwa malori na kwa miguu, wakachimba mashimo membamba kama ya choo na kuingia ardhini kwa kamba. Shemeji alikuwa mmoja wao.

Mimi nilikuwa sijatimiza mwaka katika ndoa, na nilikuwa mjamzito. Tuliishi Mfaranyaki, hapo Songea mjini, nyumbani kwa mama mkwe. Krismasi ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kwangu pale, na ndugu wangekuja kutoka kijijini Mpitimbi, mashangazi na wajomba ambao bado walikuwa wananipima kwa macho. Nilitaka kuwalisha kitu ambacho hawajawahi kula. Nilipokuwa shule ya masista tulifundishwa, katika somo la sayansi kimu, kutengeneza vitafunwa vidogo vya jibini laini na matunda. Unakata unga uliokandwa kwa siagi vipande vya mraba, unaweka jibini katikati, juu yake tunda lililopikwa, halafu unakunja pembe kama bahasha. Sisi wanafunzi tuliviita vibahasha.

Ni kazi rahisi ukiwa na vitu. Jibini nililitengeneza mwenyewe. Nilichemsha maziwa, nikayakata kwa ndimu, nikayaning'iniza kwenye kitambaa mpaka maji yote yakatoka, kisha nikalisaga kwa mwiko na chumvi kidogo na sukari mpaka likawa laini kama malai. Matunda niliyochagua ni masuku. Desemba wanawake wa Mpitimbi huyaleta mjini kwenye vikapu, matunda ya porini yenye ganda la kahawia na nyama ya njano inayong'ang'ania mbegu. Niliyakamua, nikatoa mbegu, nikapika nyama yake na sukari mpaka ikawa nzito, inashika kijiko.

Kilichokuwa kimebaki ni unga, na huo shemeji ndiye aliuleta. Jioni ileile nilimkuta anaumimina mwenyewe kwenye debe langu la unga. Kwetu mwanamume hagusi debe la unga. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Alifunika, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Utapika lini hivyo vitu vyako, shemeji?"

"Mkesha wa Krismasi."

"Usipike mapema. Ngoja mpaka mchana wa mkesha. Nitakutolea unga mimi mwenyewe."

Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Siku zilizofuata nyumba ilibadilika bila mtu kusema neno. Gari likinguruma barabarani, shemeji aliacha kula. Mama mkwe akimwita, alishtuka kabla ya kuitika. Alimwomba mume wangu, baada ya sikukuu, atafute gari la kuazima ampeleke Mbamba Bay, ili avuke ziwa kwenda Malawi kwa biashara. Mume wangu, ambaye mikono yake ilikuwa inamwasha kwa kukosa usukani, alikubali papo hapo.

"Biashara gani hiyo?" nilimuuliza tulipokuwa wawili.

"Ni mdogo wangu," alinijibu.

Mchana wa mkesha shemeji alikuwa amekwenda kunyolewa, na mvua ikamzuia huko. Makaa yalikuwa tayari. Ilikuwa nioke kwenye sufuria kubwa lenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, na moto wa namna hiyo haukusubiri mtu. Nikafungua debe, nikachota unga, nikaanza kuchekecha. Bakuli la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, kitu kilidondoka juu ya chekeche na kupiga kwa uzito, kama kokoto ndani ya kitambaa. Nikakiokota. Ilikuwa leso ya kiume iliyofungwa fundo, chafu, na upande mmoja ulikuwa na doa la kahawia lililokauka ambalo mwanamke yeyote analijua kwa kuliona.

Nilifungua fundo. Mawe madogo ya buluu, mengine kama maji yaliyoganda, moja kubwa kuliko punje ya hindi. Nilihisi mtoto akigeuka tumboni.

Sikumpelekea mume wangu. Nilimpelekea mama mkwe, aliyekuwa chumbani anapiga pasi nguo za misa. Aliyatazama mawe kwa muda mfupi tu. Leso ndiyo aliitazama sana. Aliifunga tena, akaifundika kwenye pindo la kanga yake, akaikaza.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, mama."

"Endelea kuoka, mwanangu."

Nikaendelea. Nilisukuma unga kwa chupa, nikakata, nikapaka jibini, nikaweka masuku, nikakunja pembe, lakini nilisahau kubana pembe, vibahasha vya mwanzo vikafumuka motoni na masuku yakaungua yakanuka nyumba nzima. Shemeji aliporudi, alisimama jikoni akaona debe liko wazi na unga umekwisha. Tulitazamana. Alijua nimekuta, na mimi nilijua anajua. Midomo yake ikafunguka, halafu mama mkwe akaingia kuchukua maji, akampita polepole, na shemeji akatoka nje kwenye mvua.

Krismasi ilianza kama Krismasi nyingine zote. Tulikwenda misa, tukarudi, ndugu wa Mpitimbi wakafika na kuku na viazi, watoto wakajaa uani. Nilipanga vibahasha kwenye sinia nikavifunika kwa kawa. Shangazi mmoja alionja kimoja, akafumba macho, akasema, "Kumbe masuku yanaweza kuvaa suti!" Watu wakacheka. Kwa muda mfupi nilisahau.

Ndipo Landrova ikasimama mbele ya nyumba. Ilikuwa imefunikwa matope ya barabara ya Tunduru mpaka kioo cha nyuma hakikuonekana. Wakashuka wanaume wawili waliovaa kofia za kufuma, mmoja mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza mvi, mwingine kijana mnene. Walivua viatu mlangoni.

"Hodi wenyewe. Shikamoo mama," mtu mzima alimwambia mama mkwe.

"Marahaba. Karibuni, ni sikukuu."

"Tunajua, mama. Tusamehe kuja siku ya furaha yenu. Barabara ilitukwamisha, tulitaka kufika mapema."

Wakasema wanamtafuta shemeji, walifanya kazi pamoja. Shemeji alikuwa amekwenda uani kuchinja kuku. Mume wangu akamwita, na hakuitika. Mama mkwe akaniagiza nilete chai na vibahasha. Nilipoinama na sinia, yule kijana aliuliza kwa heshima kama kuna mafuta ya nguruwe ndani. Nikamwambia ni siagi ya kopo na jibini la maziwa. Akamtazama mwenzake, yule akakubali kwa kichwa, wakasema bismillahi, wakala. Walikula taratibu, wakisifu. Sijawahi kuona watu wakila kwa adabu kiasi kile, na sijawahi kuogopa watu kiasi kile.

Mashangazi walianza kukusanya watoto mmoja mmoja na kuwapeleka upande wa nyuma. Hakuna aliyewaagiza.

Hatimaye shemeji akatokea mlangoni, mume wangu nyuma yake amemshika mkono. Sikujua kama anamsindikiza au anamzuia asikimbie. Nadhani hata mume wangu hakujua. Mtu mzima aliweka kikombe chini.

"Unanifahamu?" alimuuliza shemeji.

"Nakufahamu. Wewe ni kaka yake."

"Alhamdulillahi. Basi tusizunguke." Akatugeukia sisi. "Mdogo wangu na kijana wenu walichimba shimo moja. Mdogo wangu alikuwa chini, huyu alikuwa juu anavuta kamba. Shimo likabomoka. Wachimbaji wengine walimfukua siku ya pili, tukamzika kwetu Nalasi. Kijana wenu hakuwepo kuzika. Watu wanasema alikuwa na mawe. Mimi sikuja kwa ajili ya mawe."

Kijana mnene alitaka kusema kitu, mkubwa wake akamnyamazisha kwa kiganja.

"Tulipomwosha maiti, kucha zake zilikuwa zimeisha. Mama yangu aliziona. Tangu siku hiyo hali chakula, halali usingizi. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Ulipoondoka pale juu, ndugu yangu alikuwa bado anaongea?"

Nje kuku alikuwa analia. Mume wangu aliuachia mkono wa mdogo wake.

"Sema," alisema mama mkwe.

Shemeji aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. "Alikuwa anaongea," alisema. "Mawe alinipa kwanza, kwenye ndoo, alikuwa amejikata kidole, ameyafunga kwa leso yake. Halafu udongo ukashuka. Alikuwa ananiita jina. Alisema nisiachie kamba. Nilivuta, kamba haikuja. Nikakimbia kuita watu, wallahi nilikimbia kuita watu, nikafika barabarani nikakuta lori limesimama linawasha injini..."

Yule mtu mzima alifumba macho. Nilitegemea kisu, nilitegemea ngumi. Alikaa vilevile na makombo ya kibahasha kwenye ndevu zake, machozi yakishuka.

Mama mkwe aliinuka. Alifundua pindo la kanga, akaweka leso juu ya meza, mbele ya wageni. "Hii ni ya kwenu," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Simama uvae shati. Utakwenda kumwambia huyo mama maneno yote ya mtoto wake."

"Mama, wataniua."

"Sijui," alisema. Akarudia, "Mimi sijui, mwanangu."

Mtu mzima aliichukua leso, akasema, "Mimi simwahidi kitu, mama. Nitampeleka mbele ya mama yangu na wazee. Zaidi ya hapo anajua Mwenyezi Mungu." Mume wangu akasema basi na yeye anakwenda. Nilimshika shati. Akanitoa vidole kimoja kimoja kwa upole, akaingia kwenye Landrova. Niliwafungia vibahasha vilivyobaki kwenye gazeti, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya, na yule kijana mnene akavipokea kwa mikono miwili akaniambia, "Asante, dada."

Mvua ilinyesha mfululizo. Ndugu wa Mpitimbi waliondoka mapema, wakiaga kama watu wanaotoka msibani. Mimi na mama mkwe tulikaa katika nyumba iliyonuka sukari iliyoungua. Kila lori lililotoka upande wa Tunduru lilipopanda mlima na kubadilisha gia, sote wawili tulisimama.

Mume wangu alirudi baada ya Mwaka Mpya, peke yake, juu ya magunia ya korosho. Alikula kwanza, ndipo akasema. Kule Nalasi hakuna aliyemgusa mdogo wake. Wazee walikaa, mama wa marehemu akaletwa, akamtaka shemeji arudie maneno ya mwanawe, yote, na kwa mpangilio wake. Akarudia. Akamtaka arudie tena. Kisha yule mama aliomba maji, akanywa, akamwambia aondoke kabla hajabadili mawazo. Walipofika Tunduru mjini shemeji alisema anakwenda kujisaidia, na hakuonekana tena.

Mtoto wetu alizaliwa, akatembea, akaanza kuongea, ndipo watu wa Mbesa, kulekule Tunduru, wakatuletea habari kwamba kuna mtu wa kwetu anafagia hospitali ya misheni na hataki kusema jina lake. Mama mkwe alikwenda mwenyewe. Alirudi naye. Shemeji amezeeka kabla yangu, naye anaishi chumba cha uani hadi leo. Ni mtu mpole, watoto wangu wanampenda. Mwaka tulipochimba shimo jipya la choo, mafundi walipofika kina cha kiuno, alivaa viatu akaondoka bila kuaga. Alirudi siku tuliyomtumia ujumbe kwamba shimo limeshafunikwa kwa zege.