Siku Nilipompeleka Paka Wangu Kuposwa Bugomora

Nikumbukapo siku ile niliyopanda lori la kahawa na paka kapuni, hucheka peke yangu hadi wajukuu hunitazama wakidhani uzee umepanda kichwani. Bado, mwanangu. Kaa hapo mkekani. Umekuja kuniomba kitoto cha paka mweupe, nami nitakupa kwanza maneno. Ni ya bure, na wanaonijua sokoni watakuambia hilo si jambo la kila siku.

Nilikuwa nimeolewa hapa Ihembe, mwaka haujatimia. Kibanja cha mume wangu kilikuwa kidogo, migomba na mibuni michache, na mimi nilisuka mikeka nikaipeleka sokoni Kihanga. Kule nilikaa juani kando ya njia, ng'ombe wakipita wanakanyaga bidhaa bila kuuliza bei. Nilichokitamani kilikuwa kimoja tu: pembe ya baraza la duka la Mama Apolinari, mke wa mfanyabiashara aliyetoka Muleba. Pale palikuwa na kivuli, na ukuta wa kuegemea, na wateja wanaotoka dukani chenji ikiwa bado mkononi.

Mama Apolinari naye alikuwa na lake. Alikuwa amemwona Pamba.

Pamba hakuwa paka wa jikoni. Alikuwa wa mbegu ile ya Kizungu, manyoya marefu, mkia kama ufagio mpya, uso bapa kama mtu aliyekataa kusalimiwa. Wazee wao waliletwa na mke wa bwana shamba mmoja Mzungu, na mumewe alipohamishwa wakabaki wachache katika nyumba za watu. Mimi nilimpata Pamba kwa karani fulani, kwa mikeka miwili na jogoo. Karani alianzia kwenye mikeka mitano na mbuzi. Nilimkagua paka meno, nikahesabu kucha, nikazihesabu tena. Niliuliza yote ya kuuliza isipokuwa moja, na hilo utaliona.

“Niletee mtoto wa huyo,” Mama Apolinari akaniambia, “na pembe ya baraza ni yako. Lakini kabla ya msimu wa senene. Mke wa mfinyanzi naye anaitaka.”

Basi Pamba, ambaye hata mwaka alikuwa hajafikisha, akaanza kulia usiku na kugaagaa sakafuni. Nikaona mambo yamejipanga yenyewe. Dume la mbegu ile nililolisikia lilikuwa moja, kwa Bibi Kokugonza wa Bugomora, aliyekuwa mlezi wa mtoto wa yule Mzungu. Nikapanda lori, kisha nikatembea, mikeka mgongoni na paka kapuni akinilaani njia nzima.

Kwetu mgeni huletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kisipokuja, ujue bado unapimwa. Nilikiona kwa Bibi Kokugonza, kimetundikwa ukutani. Hakikushuka.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Umetoka kwa nani?”

Nikamtajia baba, ukoo na muziro wetu, yaani mnyama ambaye ukoo wetu haumli, kama ilivyo adabu.

“Na huyo kapuni, wazazi wake ni akina nani?”

“Bibi, huyu ni paka.”

“Nimeona kwamba ni paka.”

Nikaingia kwenye biashara. Nikamwambia nataka dume lake kwa siku chache, nitatoa mkeka mmoja. Akanyamaza. Nikasema miwili. Akanyamaza. Nikajisikia nikitaja mitatu. Mwanangu, jambo la kujipandishia bei mwenyewe halijanipata kabla ya siku ile wala baada yake.

“Ulimpata wapi?” akauliza.

“Kwa karani.”

“Karani alimpata wapi?”

“Hilo sikuuliza.”

“Alimpata hapa. Alizaliwa kwenye huo mkeka uliokalia. Na dume unayemtaka,” akamwelekezea kidevu paka mkubwa aliyelala kando ya kinu, “ndiye baba yake.”

Ningenyamaza ningekuwa na akili, lakini mikeka ilikuwa mgongoni na baraza lilikuwa kichwani. Nikasema, “Bibi, paka hawana koo wala miziro.”

“Wewe ungekubali kuolewa na mtu wa muziro wako?”

“Hapana, ni mwiko.”

“Njoo nikuonyeshe mwiko unavyofanana.”

Akachukua kifuniko cha sufuria na mwiko wa kupikia, akaenda alikolala paka mwingine mdogo mweupe, akakigonga juu ya kichwa chake. Kuku wakatawanyika, mimi nikaruka. Paka yule hakutikisa hata sikio.

“Wazazi wake walikuwa kaka na dada,” akasema. “Niliwaacha pamoja kwa uvivu wangu, na weupe juu ya weupe ukaleta uziwi. Wakazaliwa wanne. Huyu ndiye mwenye afya.”

Akaendelea. “Karani yule nilimpa mtoto kwa ahadi kwamba hatamtoa mkononi. Naona kamtoa kwa jogoo.” Akafungua kapu, akamweka Pamba mapajani. “Huyu nadhani abaki hapa.”

Nilikwenda kutafuta watoto, na sasa napoteza mama. Baraza nililisahau kabisa. Nilichokifikiria ni jioni nitakayorudi nyumbani na kapu tupu, na kile kilio chake cha mlangoni nitakachokosa. Nikasema, “Bibi, chukua mikeka yote, niachie paka,” na ule haukuwa mnada.

Alikuwa akipekua manyoya ya Pamba, nyuma ya masikio, tumboni, chini ya kwapa pale ambapo manyoya marefu hujifunga mafundo na kuvuta ngozi. Akarudia upande wa pili.

“Nani humchana?”

“Mimi. Kila jioni nikimaliza kusuka, kwa chanuo la mti.”

“Mume wako husemaje?”

“Husema angependa naye achanwe.”

Bibi Kokugonza akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akamrudisha Pamba kapuni kwa mikono yake. “Mchukue. Mwache akomae kwanza, hata akilia usiku. Mfungie ndani, vumilia. Fundi cherehani wa Kihanga ana dume wa kijivu wa mbegu hii hii kutoka upande wa Uganda, hana undugu na hawa. Akishazaa, apumzike hadi mwili urudi. Na watoto wasitoke kwa mama yao kabla hawajajua kula wenyewe na kucheza bila kuumana. Nyumba watakayokwenda, uione kwa macho yako. Mimi sikuiona ya karani.”

Mikeka aliikataa. Kikapu cha kahawa nacho hakikushuka.

Nilirudi Kihanga nikamweleza Mama Apolinari kwamba mwaka ule hakuna paka. Akasema sawa. Senene walipoanza kuruka, mke wa mfinyanzi alikuwa ameegemea ukuta wangu, vyungu vyake kivulini. Nikamsalimu. Alinijibu vizuri mno.

Mwaka uliofuata Pamba alizaa watoto watatu kwa dume la fundi. Nikagonga sufuria nyuma ya kila mmoja, na wote watatu wakaruka. Watoto walipokomaa nikaenda dukani mikono mitupu.

“Mama, mbwa wenu hufungwa saa ngapi? Ukienda Muleba msibani, nani atampa maziwa? Na kumchana, utachana wewe au utamwachia mtoto wa dukani?”

“Unanikagua mimi?” akauliza Mama Apolinari.

“Nakagua nyumba.”

Akajibu yote, moja baada ya jingine, hata la mbwa. Nilipomletea paka, aliniita nikiondoka. “Mwambie mke wa mfinyanzi asogeze vyungu. Anayenisumbua hivi kwa ajili ya paka hatanisumbua kwa ajili ya ukuta.” Tukaishi na mke wa mfinyanzi bega kwa bega miaka mingi, nilimuuzia mikeka, akanipunja vyungu.

Mtoto wa pili nilimpeleka Bugomora. Bibi alimpekua, akagonga kifuniko, paka akakimbilia uvunguni. Ndipo akanyanyuka polepole, akashusha kikapu ukutani, akaniwekea kahawa kiganjani mwenyewe.

Basi mwanangu, ukitaka kufuga mbegu hii uzalishe nyumbani, fuga wachache unaowamudu kwa chakula na kwa chanuo. Ujue baba na mama wa kila paka kama ujuavyo watu wa ukoo wako, na wenye damu moja uwatenganishe. Usiruhusu haraka ya mnunuzi iwe haraka ya tumbo la mnyama. Mnunuzi asiyetaka kuulizwa, mwache aende, hata akiwa na baraza.

Umekitazama kile kikapu ukutani mara mbili tangu uketi, nimehesabu. Najua mbwa wenu ni mkali na kwamba hukunitajia. Nenda ukamjengee banda, kisha njoo unichukue nikaone. Mungu akupe nyumba yenye maziwa na mkono usiochoka kuchana, na watoto wako wakue wakisikia kila kifuniko kinachoanguka. Ukirudi, kahawa nitaishusha mwenyewe.