Mvua Haikuwa Kwenye Orodha Yangu

Nikimweleza mtu wa kwetu Kalama kazi ninayofanya, huniuliza kama natengeneza kompyuta. Sitengenezi. Hata programu siandiki. Mimi ni meneja wa miradi ya teknolojia katika kampuni moja hapa mjini Machakos: nahakikisha wale wanaojua kuziandika wamemaliza siku tuliyoahidi, na wasipomaliza, anayeulizwa ni mimi. Kwa kifupi nalipwa kusumbua watu, na nisidanganye, naipenda kazi hiyo.

Kuna mwaka nilikuwa na mtoto wa miezi minane, msichana, na nilikuwa nimejiapia kumnyonyesha mpaka atimize mwaka. Baba yake hufanya kazi Kisumu, huja mwisho wa mwezi, kwa hivyo kuanzia asubuhi hadi jioni mtoto alikuwa wa dada wa kazi. Dada ndiye alimwogesha. Dada ndiye aliona jino la kwanza, mimi nikaletewa habari. Mamangu naye alijua kumbembeleza kwa wimbo wa Kikamba ambao nusu yake nimeshausahau. Kunyonyesha tu ndiko hakuna mtu angenifanyia, na hapo nilishikilia kabisa. Mara mbili kwa siku nilijifungia kwenye stoo ya kompyuta kuukuu, nikakamua maziwa kwa pampu, nikayaweka kwenye friji ya ofisi na karatasi ya kuwaonya watu wasije wakayatia kwenye chai. Mara moja mtu aliyatia. Wacha tu.

Mradi wetu ulikuwa mfumo wa kusajili wagonjwa kwenye vituo vya afya, na ulipangiwa kuanza Jumatatu moja ya Novemba. Kila wiki mimi huandika orodha ya mambo yanayoweza kuharibika, na kando ya kila jambo naandika nani atalishughulikia. Umeme kupotea, niliandika. Mtandao, niliandika. Tableti kuibwa, niliandika. Mvua sikuiandika. Mimi, mtoto wa mkulima, niliyekua nikiangalia mawingu na mamangu kila mwisho wa mwaka, nilichagua siku ile nikiwa nimekaa mbele ya skrini, na wala sikukumbuka kwamba Ukambani mvua ikishuka kila mtu yuko shambani. Mpaka leo najitukana.

Ilianza Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi nilimkuta dada ameshafunga mkoba. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Baby, kwetu Masii kumenyesha. Naenda kupanda. Tukimaliza nitarudi." Ningembishia nini? Nikampigia mamangu nikambembeleza, mwaitu, njoo mjini wiki hii tu. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza ni lini nilimwona akiacha mahindi na ndengu kwenye gunia na mvua inanyesha. Akasema nimpelekee mtoto huko. Nikampigia mkubwa wangu kazini kuomba tusogeze mambo wiki moja. Akanijibu kwa upole, na huo upole ndio uliniudhi, kwamba wageni wa uzinduzi wameshaalikwa, na kwamba kazi yenyewe ni ya siku tatu tu.

Jumapili nikampeleka mtoto Kalama. Nilimnyonyesha nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha mamangu mpaka akalala, nikaacha chupa mbili tu za maziwa, maana mamangu hana friji, nikarudi mjini.

Woi, siku tatu. Jumatatu mfumo uliwaka vizuri, lakini nusu ya makarani tuliowafundisha hawakuwepo. Walikuwa wanapanda. Kuna vituo ambavyo havikuwa hata na mtu wa kuwasha tableti. Mkubwa akaniambia nizunguke niwafundishe walio kazini, kituo kimoja baada ya kingine, na huko hakukuwa na stoo ya kujifungia. Siku ya pili nilikuwa nimesimama mbele ya wauguzi nikiwaonyesha mahali pa kubonyeza, blauzi ikalowa kifuani. Muuguzi mmoja mtu mzima akavua sweta lake akanipa. Nililia mbele yao, haki, kisha tukaendelea na mafunzo.

Alhamisi nikatoroka kwenda Kalama. Si mbali, na hilo ndilo linaniuma. Kuna mto kabla ya kufika kwetu, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Nilikuta umejaa maji mekundu na magari yamesimama. Nikampigia mamangu. Alishuka hadi ng'ambo, mtoto mgongoni, mwavuli juu. Tulikuwa karibu kiasi cha kuonana nyuso. Nilipunga mikono kama mwendawazimu. Mtoto alikuwa anatafuna kitu, nadhani mkate, akiangalia maji. Maziwa yalianza kunitoka yenyewe. Tulisimama hivyo mpaka mamangu akanionyesha kwa mkono niende, mvua ilikuwa inarudi. Mkubwa wangu alipiga simu nikiwa bado nimesimama pale, nikapokea. Sijui kwa nini nilipokea.

Mto ulishuka siku mbili baadaye. Kazi haikuisha. Siku tatu zikawa kumi na mbili, na sina mto wa kusingizia. Nilikamua nilipopata nafasi, vyooni, kwenye gari, na kila siku maziwa yalipungua. Nilikunywa uji, nikanywa supu, nikasali. Yalipungua tu.

Nilipofika mwishowe, ndengu zilikuwa zimeshachomoza. Mtoto alinijua. Alicheka, akanirukia, nikafikiri Mungu amenisikia. Nilinawa, nikaketi kwenye kitanda kile, nikampa titi. Alilinusa, akageuza uso. Nikampa la pili. Akalisukuma kwa kiganja, bila hasira yoyote, akaanza kutafuta kitu nyuma yangu. Nilipojaribu mara ya tatu akalia.

"Usimlazimishe, mwanangu," mamangu akasema. "Ameshaacha mwenyewe."

Nikamwambia hajaacha, ameachishwa, na sauti yangu ilipanda kuliko inavyofaa mtu kuongea na mzazi wake. Alienda jikoni. Simu yangu ikatetemeka kitandani: mkubwa wangu ametuma pongezi, vituo vyote vimeingia kwenye mfumo, ameweka na vidole gumba vitatu. Mamangu akarudi na kikombe cha uji, akaniwekea mkononi.

Nilifunga vifungo vya blauzi, nikamnywesha mtoto. Alikunywa wote, vidole vyake juu ya vyangu, jinsi angekunywa akishikiwa na mtu yeyote.